Nyumba ya Solvay, Brussels: jumba lililonusurika kubomolewa

Wengi wetu tunayajua magadi, yale yanayolainisha maharage jikoni. Mwaka 1861, Mbelgiji Ernest Solvay alibuni njia ya kutengeneza kiwandani kemikali kuu iliyomo ndani yake, kwa chumvi, mawe ya chokaa na amonia. Viwanda vya kioo na sabuni viliihitaji sana, na familia yake ikatajirika.

Katika miaka ya 1890, mwanawe Armand alimpa msanifu majengo Victor Horta kazi ya kumjengea nyumba kwenye barabara ya Avenue Louise, Brussels. Nyumba za mji huo hubanana ukuta kwa ukuta, hivyo katikati huwa na giza. Horta aliweka ngazi katikati na juu yake paa la kioo, mwanga ukashuka ndani. Vyuma hakuvificha, alivipinda kama mashina ya mimea. Alichora hata samani, taa na kengele ya mlango.

Baadaye mtindo huo ulipitwa na wakati. Miaka ya 1950 nyumba ilikuwa hatarini kubomolewa, ndipo familia ya wafanyabiashara wa mavazi ilipoinunua na kuitunza. Jengo jingine la Horta, makao ya chama cha wafanyakazi, lilibomolewa mwaka 1965.

Mwaka 2000 UNESCO iliitambua nyumba ya Solvay kuwa Urithi wa Dunia. Majengo hayo mawili yalichorwa na mtu mmoja. Moja lilipata wa kulitunza, jingine halikupata.