Haipakalisiuria
Haipakalisiuria ni hali ya mwili kutoa kalisi nyingi mno kupitia mkojo. Kwa kawaida hutambuliwa pale mkojo wa saa 24 unapokuwa na zaidi ya miligramu 300 za kalisi kwa mwanamume, au 250 kwa mwanamke. Hupatikana mara nyingi kwa watu wenye mawe ya figo.

Sababu
Utumbo unaweza kufyonza kalisi kupita kiasi, mifupa kuipoteza, au figo kushindwa kuirudisha kwenye damu. Kula chumvi nyingi huongeza kalisi katika mkojo. Mara nyingi chanzo hakijulikani.

Uhusiano na mawe ya figo
Kalisi ikizidi katika mkojo, huungana na oksalati au fosfati na kufanya fuwele, ambazo hukua kuwa mawe. Hatari huongezeka mtu asipokunywa maji ya kutosha.

Lishe na tiba
Kuacha maziwa si kinga. Ndani ya utumbo, kalisi ya chakula hushikana na oksalati ya mboga kama mchicha, na zote hutoka na kinyesi. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2002, wanaume 120 wenye hali hii walifuatiliwa kwa miaka 5. Mawe yaliwarudia 23 kati ya 60 waliopunguza kalisi, lakini 12 tu kati ya 60 waliokula kalisi ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama. Dawa za thiazidi hupunguza kalisi katika mkojo.