Kidhibiti: jina moja kwa vifaa vitatu

Mashine ya CNC ikigoma, karakana nyingi zina jibu moja: kontrola imekufa. Kwa fundi samani wa Mbekenyera, kusini mwa Tanzania, jibu hilo linaweza kumgharimu sana. Spea za mashine hizi huagizwa mbali, aghalabu Kariakoo, zikapakiwa kwenye basi la kusini. Kikifika kifaa ambacho sicho, kitakaa kabatini, na mlango wa mninga wa mteja utabaki haujachongwa. Kwa hiyo neno kidhibiti, ambalo ndilo Kiswahili cha kontrola, linastahili kuelezwa na fundi, si kuachiwa kamusi peke yake.

CNC ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya udhibiti wa namba kwa kompyuta. Namba ndizo zilizotangulia. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe, kazi iliyoanzia kwenye wazo la John Parsons. Leo namba hizo huandikwa kwa msimbo wa G. Mashine ikiwa imewekwa kwenye milimita, mstari wa G1 X100 F600 unasema: nenda moja kwa moja hadi 100 kwenye mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika.

Kwa masikio ya wengi, kudhibiti ni kuzuia. Kenya ilipozibana matatu mwaka 2004, kidhibiti mwendo kilikuwa kifaa cha kulikataza gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti cha CNC hakikatazi, kinaamuru. Hata hivyo nalitetea neno hili, kwa sababu kudhibiti pia ni kushika jambo lisiponyoke, na kinachoshikwa hapa ni hesabu. Mota ya hatua iliyo ya kawaida humaliza mzunguko mmoja kwa hatua 200. Katika mashine ndogo, kidhibiti hakina jicho la kuona kisu kiko wapi. Kinajua tu kimetuma mapigo mangapi ya umeme ya kuisogeza mota. Umeme ukikatika katikati ya ua la mlango, hesabu imepotea. Ukirudi, lazima mashine ipelekwe kwanza kwenye swichi zake za mwisho wa reli ndipo ianze kuhesabu upya. Mashine isiyo na swichi hizo ifungwe kwanza swichi, hata kabla ya kufikiria bodi mpya.

Tatizo la jina linaanzia kwenye mashine za zamani. Nyingi ziliendeshwa na programu ya Mach3 ndani ya kompyuta ya Windows XP, kupitia tundu la printa lenye pini 25. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyopiga mapigo, moja baada ya jingine, kwa wakati wake. Bodi iliyokuwa ndani ya sanduku la mashine iliyapitisha tu, na nyuma yake vifaa vingine vikayageuza kuwa umeme wa kuzungusha mota. Kwa hiyo kidhibiti halisi kilikuwa kompyuta, ilhali fundi alinyoosha kidole kwenye sanduku.

Kompyuta hiyo ikifa, wengi hutafuta laputopu na kebo ya kugeuza USB kuwa tundu la printa. Usinunue kebo hiyo. Imetengenezwa kwa ajili ya printa, ambayo haijali herufi ikichelewa kidogo. Mota hujali kila pigo. Na Mach3 haitumi mapigo kupitia tundu hilo kwenye Windows ya biti 64.

Njia nzuri ilifunguka mwaka 2009, pale Simen Svale Skogsrud wa Norway alipoandika Grbl, programu ya bure inayokaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino. Bodi hiyo husoma msimbo wa G na kupiga hadi mapigo 30,000 kwa sekunde. Laputopu inabaki na kazi nyepesi ya kutuma mistari ya maandishi kwa USB, kwa programu kama Universal Gcode Sender, nayo ni ya bure.

Hapo majina yanajipanga yenyewe. Kidhibiti ni kile kinachogeuza msimbo kuwa mapigo yenye wakati, popote kinapokaa. Kinachogeuza mapigo kuwa umeme wa mota nakiita kiendesha mota. Mafundi wanasema dreva, na hawajakosea. Iliyo kwenye laputopu ni programu ya kutuma msimbo. Mara nyingi mashine kuukuu ina viendesha mota vizima kabisa, na kilichokufa ni kompyuta tu.

Vifaa kufaana, wataalamu wa kompyuta wamekuita uoanifu. Karakanani tunasema kifaa kinakubali. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kiendesha mota kinapokea waya wa pigo na waya wa mwelekeo? Kinakubali ishara ya volti 5? Majibu yakiwa ndiyo, Arduino yenye Grbl itakiendesha.

Kisha pima skrubu inayosogeza mhimili. Yenye kusogea milimita 5 kwa mzunguko, ikiwa na mota ya hatua 200 na kiendesha kilichowekwa kugawa kila hatua mara 8, inahitaji mapigo 320 kwa milimita, na namba hiyo huandikwa kwenye Grbl kama $100=320 kwa mhimili wa X. Lakini mashine za zamani kutoka Marekani huweza kuwa na skrubu za inchi, zenye meno matano kwa inchi, yaani milimita 5.08 kwa mzunguko. Kwa macho ni zilezile. Agiza milimita 100, kisu kitakwenda 101.6, na kwenye ubao wa mita mbili mlango utazidi kwa zaidi ya sentimita tatu. Namba sahihi ni 314.96.

Walimu wa VETA mnaofundisha umeme na useremala, tumieni majina haya matatu darasani, na muyaandike kwa rangi kwenye masanduku ya mashine zenu. Nawe fundi unayepiga simu dukani, usiseme kontrola. Taja ni kipi kati ya vitatu, kisha tuma picha ya kibandiko chake kabla hujatuma fedha.