Mstari Usioonekana Majini

Wanahistoria wengi huandika juu ya vita, mikataba na watawala. Siku ya jua kali ya kiangazi, familia inapofungasha chakula chake, ikatandika kivulini na kuwaachia watoto waoge ziwani, huonekana kuwa jambo dogo lisilostahili wino. Lakini kwa Wamarekani weusi wa karne ya 20 siku kama hiyo ilikuwa haki ya kupiganiwa, na wako walioilipia kwa roho zao.

Jumapili ya tarehe 27 Julai 1919, mjini Chicago, kijana wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa katika Ziwa Michigan pamoja na wenziwe, wakielea na chelezo. Hapakuwa na sheria iliyoligawa ziwa lile. Mazoea tu ndiyo yaliyoutenga ufuko wa weusi na ule wa Wazungu, penye Mtaa wa 29. Chelezo kikachukuliwa na maji kikavuka mpaka ambao hakuna jicho lililoweza kuuona. Mzungu mmoja akawavurumishia mawe, na Eugene akazama. Askari aliyekuwapo akakataa kumkamata mtuhumiwa. Fujo zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na Wazungu 15, na waliojeruhiwa walizidi 500.

Huko ilikuwa kaskazini. Kusini mpaka huo uliandikwa katika sheria, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuubariki mwaka 1896 kwa hoja kwamba kutenganisha watu si kosa, mradi kila upande upewe kilicho sawa. Usawa huo, hata hivyo, haukuonekana. Mathalani, jimbo la North Carolina lilianza kuwa na hifadhi zake za mapumziko mwaka 1916, katika mlima wa Mitchell. Hifadhi ya kwanza ya jimbo iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi ilifunguliwa katika kiangazi cha mwaka 1939, kando ya Ziwa Jones, karibu na mji wa Elizabethtown. Miaka 23 ilikuwa imepita.

Maji ya Ziwa Jones yana rangi nzito mithili ya chai ya mkandaa, kwa sababu ya majani na mboji ya vinamasi vilivyolizunguka. Si mbali na hapo liko Ziwa White, lenye maji maangavu na mchanga mweupe, nalo lilikuwa la Wazungu. Msomaji ataona mwenyewe jinsi mgawo ulivyokwenda.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuiita Ziwa Jones fedheha tu. Familia na vikundi vya makanisa vilikwenda huko kwa furaha. Palikuwa na nyumba ya kubadilishia nguo, gati la kurukia majini, na pahala pa kununua vinywaji. Kwa siku moja, baba aliweza kulala chali juu ya mchanga bila ya kuchunga nani anamtazama. Waliotengwa waliupokea utengano kama ulivyo, kisha wakaujaza vicheko vyao wenyewe. Lilikuwa tusi, na lilikuwa kimbilio pia. Kulisahau moja kati ya hayo ni kuipotosha historia.

Mnamo Novemba 1955, katika kesi iliyotoka Baltimore, Mahakama ya Juu iliunga mkono hukumu iliyokataza ubaguzi katika fukwe za umma. Sheria ya Haki za Kiraia ikafuata mwaka 1964. Leo Ziwa Jones ni la yeyote apendaye kuoga.

Lakini sheria hufutwa kwa kalamu, na athari zake hukaa mwilini. Sisi tuliozaliwa na bahari mlangoni hujifunza kuogelea pasi na kukumbuka nani aliyetufundisha. Mtoto aliyezuiwa majini hujifunza kuyaogopa, na akiwa mzazi humrithisha mwanawe hofu ileile. Hadi hivi leo, watoto weusi wa Marekani hufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa Kizungu. Mabango ya ubaguzi yalikwisha kung'olewa zamani, ila mstari ule uliompoteza Eugene Williams bado unadai watu wake.