Jina la Mahali na Waya wa Serikali: Ngara na Biharamulo, 1861–2022

Mwezi Februari 2022 Serikali ya Tanzania ilizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza kazi hiyo ikamilike ifikapo Mei mwaka huo huo, ili Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti iikute kila nyumba na namba yake na kila barabara na jina lake. Simu za mkononi zikawa kalamu za karani: zilinasa mahali pa jengo kwa msaada wa satelaiti, na jina la barabara au kitongoji likaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kazi hiyo iligusa swali ambalo dola zilizopita hapo zilikuwa zimelijibu kila moja kwa namna yake kwa zaidi ya karne moja na nusu: mahali hapa panaitwaje, na nani mwenye haki ya kuliendeleza jina lake kwa herufi?

Mipango ya aina hii siku hizi huwekwa chini ya istilahi ya "miji janja" na "jamii janja". Istilahi yenyewe inastahili kutazamwa kidogo. Kivumishi -janja katika Kiswahili hakikuzaliwa na sifa njema tupu. Sungura wa ngano ni mjanja, na fisi ndiye anayelipa gharama ya ujanja huo. Wapo wanaopendelea -erevu, neno lenye heshima zaidi, lakini matumizi yamekwisha kuamua, kwani simu janja imekwisha kuzoeleka madukani na magazetini. Pengine matumizi yameona mbali kuliko wanaistilahi. Mtu akisikia "jamii janja" ana haki ya kuuliza ujanja huo ni wa nani, na unamfanyia nani kazi.

Majina ya wapitanjia

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akielekea Karagwe na hatimaye Buganda, alipita katika nchi aliyoiandika "Usui", iliyotawaliwa na mtu aliyemwandika "Suwarora". Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1863. Nchi hiyo ni Rusubi, ambayo sehemu yake kubwa iko katika Biharamulo ya leo. Namna jina lilivyobadilika haikuwa ya nasibu. Misafara ya wakati huo, pamoja na ule wa Speke uliomtegemea mkalimani Sidi Mubarak Bombay, iliongozwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa na kawaida ya kuziita nchi kwa kiambishi u-: Buganda ikawa Uganda, Buha ikawa Uha, Buzinza ikawa Uzinza. Kiambishi cha wenyeji kikaondolewa, na konsonanti ya katikati ikalegea midomoni mwa wageni hadi ikatoweka. Wajerumani walipofika waliandika "Ussuwi", wakiifuata sauti hiyo hiyo ya misafara, wakaiongezea tahajia ya kwao. Boma walilolijenga Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20 lingali linasimama. Tahajia yao imebaki katika ramani za makumbusho tu.

Jirani na Rusubi, upande wa Ngara, iko Bushubi. Katika masikio ya mgeni majina haya mawili yanatofautiana kwa sauti moja tu, /s/ dhidi ya /ʃ/, na karatasi za serikali na za wataalamu zimeyachanganya mara nyingi. Hata katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, uliowekea msingi nasaba za lugha za Kibantu katika mwaka 1948, lugha yenye alama D64 imezoeleka kuandikwa Subi, ingawa kundi hilo la D60 ni la Kinyarwanda, Kirundi, Kihangaza na Kiha, yaani jamaa za Kishubi cha Ngara. Usemi wa Rusubi ya Biharamulo una ujamaa wa karibu zaidi na Kizinza. Mwanafunzi anayesoma orodha hiyo bila kufika mahali penyewe aweza kuamini kwamba anasoma habari za watu wamoja.

Sehemu ya tatu ni Bugufi, nchi ya Wahangaza, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya Waingereza na Wabelgiji kugawana ardhi iliyokuwa ya Wajerumani. Huko makazi hayakuwa vijiji vya mkusanyiko bali vilima: kila mlima na migomba yake, koo zake na jina lake. Nchini Burundi kilima kingali ni ngazi rasmi ya utawala hadi leo. Upande wa Tanzania kilima hakina nafasi katika sheria. Kilichopo ni kijiji na kitongoji, na katika miji ni mtaa. Kwa hiyo fomu ya anwani ilipofika Bugufi ilikuta wakazi wanaojitambulisha kwa kipimo ambacho fomu haikuwa na kisanduku chake.

Kuhesabu na kukusanya

Serikali ya Kiingereza ilitumia njia nyingine ya kuwajua watu. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya malale na mbung'o, watu wa sehemu kadhaa za magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, walihamishwa na kukusanywa katika makazi yaliyopangwa, na misitu ikaachiwa wanyama. Baada ya uhuru zikaja nyumba kumikumi na mabalozi wake, halafu uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1970 na sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Malengo yalitofautiana sana, na si haki kuyaweka yote katika kapu moja. Lakini kwa upande wa majina matokeo yalifanana: mahali palipoachwa palipoteza wasemaji wa jina lake, na mahali papya palipewa jina na mtu mwenye daftari.

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutoka kwa serikali wala kwa wenyeji. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi. Kambi iliyowapokea iliitwa Benaco, jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyokuwa imeweka vifaa vyake hapo wakati wa kujenga barabara. Ndani ya kambi watu walipangwa kwa kufuata majimbo na wilaya walizotoka, hata ramani ya Rwanda ikawa kana kwamba imeanikwa juu ya vilima vya Ngara. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera, mradi wa Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, ikitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Neno kwizera maana yake ni kutumaini, na Mhangaza halihitaji kutafsiriwa. Mwezi Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Hema ziling'olewa, jina Benaco likabaki. Leo ni kituo cha malori na biashara katika barabara iendayo Rusumo, na dereva aulizaye Benaco huelekezwa bila mtu kukumbuka Italia.

Waya unaopita

Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitoka mwaka 2003, na ikaliingiza katika lugha neno Tehama, kifupisho ambacho sasa kimekuwa nomino kamili. Sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili fedha za umma zichangie minara mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Mwaka 2009 ukaanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo kutoka China, na kufikia mwaka 2012 urefu wake ulikuwa kilomita 7,560. (Magazeti mengine huandika "mkonga". Neno halijatulia, na huenda mkonge wa katani na mkonga wa tembo yote mawili yamechangia katika kuzaliwa kwake.)

Mkongo huo una milango ya mipakani ya kuziunganisha nchi jirani, na miwili kati ya milango hiyo imo katika wilaya moja ya Ngara: Rusumo kwa ajili ya Rwanda na Kabanga kwa ajili ya Burundi. Hapa ndipo historia ya misafara inaporudi kwa sura mpya. Waya unapita Ngara kwa sababu Kigali na Bujumbura ziko mbele yake, kama vile Speke alivyopita Rusubi kwa sababu Buganda ilikuwa mbele yake. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, wengi wao wakulima wa mashambani. Kwao, uzi wa kioo uliofukiwa kando ya lami si mawasiliano mpaka pawe na mnara, umeme na simu. Kwa sababu hiyo minara iliyojengwa vijijini kwa ruzuku ya Mfuko ina uzito mkubwa kuliko kilomita za mkongo, ingawa haitajwi sana katika hotuba.

Jina ndani ya mashine

Anwani za makazi ndizo zilizoyaunganisha mambo haya yote. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano: ya kwanza ni ya kanda, ya pili ya mkoa, ya tatu ya wilaya, na mbili za mwisho ni za kata. Za Kagera huanza na 35. Tarakimu hazina lahaja na hazimwonei mtu. Ugumu unaanza pale namba inapodai jina liifuate.

Ichukuliwe kata moja ya Biharamulo iliyo katika njia kuu. Katika baadhi ya maandishi ni Lusahunga, katika mengine ni Rusahunga. Lugha za asili za eneo hili zina kiambishi ru- cha ngeli ya 11, kinachoonekana pia katika Rulenge na Rusumo (isumo ni maporomoko ya maji katika Kinyarwanda). Kisukuma, ambacho wasemaji wake wengi wamehamia Biharamulo, hutumia /l/ mahali pa /r/. Yaelekea basi kwamba herufi moja hiyo inaeleza ni nani alikuwapo na ni nani alikuja. Hakuna tahajia iliyo kosa kati ya hizo mbili, lakini mashine ambayo haikufundishwa kwamba hapo ni mahali pamoja itahesabu mahali pawili, na gari la wagonjwa linaloongozwa na simu litatafuta lisichokiona.

Majina mengine yana sarufi nzima ndani yake. Nyarubungo ni nya-ru-bungo, Nyakahura ni nya-ka-hura, Nyabusozi ni nya-bu-sozi, na shina la hili la mwisho ndilo la umusozi, mlima. Kiambishi nya- huketi juu ya kiambishi kingine cha ngeli, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Nyakanazi, njia panda mashuhuri ya Biharamulo, imelibeba ndani yake jina Kanazi, ambalo Ngara ni jina la mahali peke yake. Murusagamba ya Ngara huonekana kuwa na mu- ya mahali juu ya ru-. Karani anayeandika "Mrusagamba" kwa mazoea ya Kiswahili, ambapo mu- hufupishwa kuwa m-, amefuta silabi moja na mofimu moja kwa pigo moja la kidole. Toni na urefu wa irabu havionekani kabisa katika maandishi ya serikali. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno linaloandikwa inda laweza kuwa tumbo au chawa kwa tofauti ya toni tu, na lugha za Ngara ni za ukoo huo huo.

Ng'ambo ya mto Kagera, Kigali ilichagua njia nyingine. Barabara zake nyingi hupewa herufi za wilaya na namba: KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Njia hiyo ni ya haraka, haina ugomvi wa tahajia, na katika nchi yenye historia ya Rwanda kutochagua majina kunaeleweka. Tanzania ilichagua majina, na utaratibu wake ulitaka mapendekezo yatoke kwa wakazi wenyewe katika mikutano ya mitaa na vijiji. Uamuzi huo ni wa heshima. Ni mara chache katika historia iliyosimuliwa hapa ambapo dola imemwuliza mkazi wa Bugufi au Rusubi jina la mahali anapokaa kabla ya kuliandika.

Muda ndio uliokuwa mfupi. Miezi isiyozidi minne ilitolewa kwa kazi ambayo Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, haukuifikia kwa upande wa majina ya mahali, ingawa ulitoa atlasi ya lugha mwaka 2009. Fedha zilitengwa kwa ajili ya vibao, nguzo na simu. Kazi ya lugha, yaani kusikiliza jina kutoka kwa wazee, kuliandika kwa tahajia inayofuata kanuni, na kuiambia mashine kwamba Rusahunga na Lusahunga ni pamoja, haihitaji nguzo wala rangi. Inahitaji mtu ajuaye Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza akae na mtendaji wa kijiji kwa siku chache. Watu hao wapo, wengi wao wakiwa walimu wastaafu wanaoishi katika vilima hivyo hivyo.

Kibao kilichokosewa hupakwa rangi upya kwa siku moja. Jina lililoingia katika mfumo hunakiliwa katika vitambulisho, leseni za biashara, hati za ardhi na vifurushi vya posta, na kila nakala huwa shahidi wa nyingine. Usui ilidumu katika ramani kwa zaidi ya nusu karne, na wakati huo nakala zilifanywa kwa mkono.