Vazi la Ngozi na Utunzaji Wake

Ngoma ikilia, macho ya watu wote humwelekea mchezaji aliyevaa ngozi na manyoya. Ngoma ikiisha, watu hurudi makwao, na vazi lile lililoshangiliwa hutupwa pembeni, limelowa jasho na kujaa vumbi. Insha hii yahusu saa hiyo ya pili, ambayo hapana mtu aipigiaye makofi. Nataka kuonyesha ya kwamba mavazi ya wazee wetu hayakupotea kwa kuchakaa tu, bali pia kwa sababu mikono iliyoyatunza iliacha kazi yake. Na ya kwamba kazi hiyo yaweza kujifunzwa tena.

Masara ni mji mdogo katika Kaunti ya Migori, katika nchi ya Wajaluo, si mbali sana na Ziwa Victoria wala na mpaka wa Tanzania. Nchi hii pamoja na ile ya Homa Bay zamani zilikuwa katika wilaya moja, Nyanza Kusini. Kabla ya nguo za pamba kuenea, mwanamume wa kawaida alijitanda ngozi ya mbuzi au ya ndama begani. Mwanamke aliyeolewa alivaa chieno, yaani mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni ukaning'inia nyuma, nao ulikuwa alama ya heshima yake. Lakini siku za vita, za ngoma na za matanga, wanaume walijipamba kwa fahari zaidi: kilemba cha manyoya ya mbuni ambacho Wajaluo hukiita kondo, meno ya kiboko yaliyopinda juu ya paji la uso, na ngozi ya mbega yenye nywele ndefu nyeusi na nyeupe. Alipokufa mzee mwenye heshima, ndipo ilipofanywa tero buru: wanaume waliovaa hivyo, wenye mikuki na ngao, waliwaswaga ng'ombe na kukimbia mpaka nje ya kijiji, ili kukifukuza kifo kiende zake.

Sasa na tufikiri kidogo. Vazi la namna hii halikutengenezwa kwa siku moja. Mbuni ni ndege wa nyika, na mbega ni mnyama wa msituni. Mwenye kuvipata vitu vyao alivipata kwa safari, kwa kuwinda au kwa kubadilishana mali. Kwa sababu hii vazi lilirithiwa, na ili lirithiwe ilibidi lidumu. Ngozi mbichi ilitandazwa chini na kuwambwa kwa vigingi, ikaparwa nyama na mafuta, ikakaushwa, kisha ikasuguliwa kwa samli na kufikichwa kwa mikono mpaka ikalainika. Kazi hiyo haikufanywa mara moja tu, bali ilirudiwa kila ngozi ilipoanza kukakamaa. Methali yasema kwamba akiba haiozi. Lakini akiba ya ngozi huoza upesi, isipokuwa mwenyewe akiamka kuitazama.

Mabadiliko yalikuja kwa reli. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, na nguo za pamba zikaanza kuingia Nyanza kwa wingi na kwa bei iliyopungua. Mwaka 1906 wamishenari wa Kiadventista, Arthur Carscallen pamoja na mwenzake Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay. Misheni nyingine pia zilikuwa zikienea nchini. Mtu aliyejifunza kusoma alivaa shati, na wenye kuvaa nguo wakaitwa jonanga, maana yake watu wa nguo. Tangu hapo ngozi ikawa dalili ya ujinga machoni pa wengi. Kijana aliyetoka shuleni hakutaka kuonekana akifikicha ngozi ya babu yake kwa samli.

Lakini si watu wote waliokubali. Mwaka 1913 mtu mmoja wa Alego, jina lake Onyango Dunde, alitangaza kwamba joka kubwa la ziwani liitwalo Mumbo limemmeza na kumtapika, likampa ujumbe. Alifundisha kwamba Wazungu watatoweka, na ya kwamba wafuasi wa Mumbo waache nguo za kigeni, wavae ngozi za mbuzi na ng'ombe, wasikate nywele wala wasioge. Imani hiyo ilienea hata katika nchi ya Wakisii. Serikali ya kikoloni iliipinga kwa nguvu. Tusiifanyie dhihaka habari hii, maana yatufundisha jambo moja la historia: wakati ule vazi halikuwa kitu cha kujifunika mwili tu. Aliyevaa shati alisema neno, na aliyevaa ngozi alijibu.

Miaka ikapita, na fahari ikaanza kurudi kwa njia nyingine. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kiingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipita Nyanza akapiga picha nyingi za Wajaluo. Picha hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford, na mwaka 2007 nakala zake zililetwa Nyanza zikaonyeshwa wenyeji. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alitoa kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu, na picha iliyo mwanzoni yamwonyesha yeye mwenyewe, msomi wa chuo kikuu cha London, amejitanda vazi la manyoya na kushika mkuki. Vazi lililodharauliwa likawa dai. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, shule zetu nazo zikalivaa katika mashindano ya muziki, na hata leo watoto hucheza jukwaani wamefunga ngozi na manyoya kama babu zao.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha, nilipewa kazi ya kuwaandaa wachezaji wa shule. Mzee mmoja alituazima ngozi ya ndama, rangi ya kahawia yenye mabaka meupe, aliyoachiwa na baba yake. Kijana wetu aliivaa siku mbili, akatoka jasho jingi, na ngozi ikaanza kunuka. Mimi, kwa kutaka kuirudisha ikiwa safi, niliitia katika beseni la maji ya moto, nikaisugua kwa sabuni ya kipande, kisha nikaianika juu ya bati saa sita ya mchana. Jioni nilipokwenda kuitazama, ilikuwa imejikunja na kukakamaa kama ubao. Nilipojaribu kuikunjua ilipasuka, na nywele zikanibaki mkononi.

Nilikwenda kwa mzee yule huku nimeishika kwapani. Nilimwamkia, nikamwambia, "Jaduong', nimekuharibia mali yako." Aliipokea, akaigeuza upande wa ndani, akaipapasa kwa muda bila kusema neno. Kisha akauliza, "Japuonj, uliiosha kwa maji ya moto?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Baba aliivaa, nami nikaivaa, wala haikupata kuingia majini hata siku moja." Nilitaka kumlipa. Alikataa fedha, lakini alitaka jambo moja: niwalete wanafunzi nyumbani kwake, wamsikilize namna ngozi itunzwavyo. Jumamosi iliyofuata tulikwenda, na mengi niyaandikayo hapa chini nilianza kuyajua siku ile. Sababu zake nilizisoma baadaye.

La kwanza ni maji na moto. Ngozi imefumwa kwa nyuzi ndogo sana za mwilini ambazo hujivuta na kufupika zikipata maji ya moto, na zikikwisha kufupika hazirudi tena. Sabuni nayo huondoa mafuta yaliyo kati ya nyuzi hizo, na jua kali hukausha upesi mno, nyuzi zikagandamana. Mzee alituonyesha njia yake. Ngozi ikitoka ngomani, hukung'utwa vumbi, upande wa ndani hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisha hutundikwa kivulini mahali penye upepo, manyoya yakiwa nje, mpaka ikauke pole pole. Ikikauka husuguliwa kwa mikono ili ilainike, na manyoya huchanwa kwa kufuata yalivyolala, wala si kinyume. Samli hutiwa kidogo sana, maana ikizidi hushika vumbi na kuwaita panya.

La pili ni wadudu. Adui wa manyoya si nondo tumwonaye akiruka, bali mabuu yake, pamoja na mabuu ya mbawakavu wadogo wapendao ngozi kavu. Hao hula unywele, unyoya na pembe, na hupenda giza, uchafu na utulivu. Jasho lililokauka katika vazi ni kitoweo chao. Baba yake mzee alilitundika vazi darini, juu ya meko, ambako moshi ulilifikia kila siku. Leo nyumba nyingi hazina moshi wa namna hiyo. Kwa hiyo yatupasa kulitoa vazi kila mwezi, kulikung'uta nje, kulitazama katika mishono na mikunjo, na kulirudisha katika mfuko wa kitambaa safi. Mfuko wa plastiki haufai kwa vazi lenye unyevu, kwa kuwa huzuia hewa na kuzalisha kuvu.

La tatu ni umbo. Ngozi ikunjwayo mahali pale pale kila mara hupasuka mahali hapo. Heri izungushwe juu ya gogo laini au itundikwe kwenye kiango kipana. Manyoya ya kilemba yasilaliwe na mzigo. Yakipinda, hushikwa mbali kidogo na mvuke wa birika mpaka yanyooke yenyewe.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekutana na mashaka hayo hayo. Majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani zamani yalipaka ngozi dawa ya aseniki ili kuua wadudu. Wadudu walikufa, lakini sumu ikabaki, na hata leo watumishi wa majumba hayo huvaa glavu wakishika ngozi za kale. Sasa wengi hutumia baridi: vazi hufungwa vizuri na kutiwa katika friji ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili hivi, na mabuu hufa pasipo sumu. Tena wako watu, hasa Marekani na Ulaya, wajishoneao mavazi ya wanyama ya kufunika mwili mzima, kichwa hata nyayo, kwa manyoya ya bandia, wakayavaa katika mikutano yao. Nao huyafua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, huyakausha kwa upepo, kwa maana manyoya yale ni ya plastiki na joto huyayeyusha ncha, kisha huyachana kwa burashi. Kama manyoya ya bandia yataka uangalifu namna hii, ya kweli je?

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu vazi likiharibika halina badala yake. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza mtu kuwa na ngozi au kitu kingine cha mnyama wa porini pasipo kibali. Sheria hiyo ni njema, maana mbega aliye hai mtini ni bora kuliko kumi walio mabegani mwetu. Mwenye urithi wa namna hiyo nyumbani yafaa aende ofisi ya wanyamapori, aeleze alivyonavyo, na kufuata sheria. Wachezaji wetu na watumie ngozi ya mbuzi, ya kondoo na ya ng'ombe, au manyoya ya bandia. Lakini hata hizo si za kupuuzwa. Ngozi ya mbuzi iliyochinjwa mwaka huu, ikitunzwa, yaweza kuvaliwa na mjukuu wa mvulana aichezeaye leo.

Wanafunzi wangu sasa wana daftari. Kila vazi limeandikwa namba, jina la aliyelitoa, siku lilipovaliwa na jina la aliyelisafisha. Mwanafunzi hapokelewi kombe la ushindi kabla vazi lake halijakaguliwa. Wengine hunung'unika, nami huwakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hapana fundi awezaye kuujenga.

Ile ngozi ya ndama haikutupwa. Mzee alikata kipande kilichobaki kizima, chenye baka moja jeupe, akanipa. Nimekitundika darasani kando ya ubao. Kila mwezi mwanafunzi mmoja hukiteremsha, hukikung'uta, hukifikicha kwa samli kidogo, na kukirudisha mahali pake. Wapo wasomao sasa ambao hawajui kosa langu mpaka wafike zamu yao. Hapo ndipo huuliza kwa nini kipande kidogo hivi kinatunzwa kama dhahabu, nami huwasimulia.