Hagisi Mezani, Dansi Ukumbini

Hagisi huingia ukumbini kama bwana harusi. Mpiga zumari la mfuko hutangulia, mpishi hufuata na sinia, na waalikwa wote husimama kuipigia makofi. Kilichomo siniani ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa vikachanganywa na chenga za oti, vitunguu, mafuta ya figo, chumvi na pilipili manga, kisha vikafungiwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa. Mla mutura wa Nairobi, ule utumbo unaojazwa nyama, hatahitaji maelezo zaidi. Pembeni huwekwa viazi na tanipu za kuponda, na wiski haikai mbali.

Karamu hii hufanyika kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns huko Alloway, Uskoti, mwaka 1759. Hagisi ilikuwapo kabla yake, pishi la watu wasiotupa kitu baada ya kuchinja. Yeye ndiye aliyeipa heshima. Mwaka 1786 alitunga shairi la kuisifu, likatoka Desemba katika gazeti la Caledonian Mercury la Edinburgh, na ndani yake aliwacheka wanaojivunia mapishi ya Kifaransa huku miili yao haina nguvu. Hadi leo shairi lile husomwa mbele ya sinia. Msomaji hushika kisu, akifika ubeti wa tatu hukichoma tumboni, na mvuke hufuka.

Rafiki zake ndio walioanzisha desturi ya karamu hiyo. Julai 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, watu tisa walikutana katika nyumba aliyozaliwa, wakala hagisi na kichwa cha kondoo, wakasoma shairi.

Na dansi? Burns aliipenda kiasi cha kumkosea baba yake. Mzee William, mkulima mcha Mungu, hakutaka kusikia habari za shule za dansi. Kijana akaenda vivyo hivyo, katika kijiji cha Tarbolton, kwa sababu, kama alivyomwandikia Dakta John Moore mwaka 1787, alitaka kujifunza adabu za watu. Katika barua hiyohiyo anasema baba hakulisahau jambo lile. Nyumba ya Tarbolton alikojifunzia dansi bado imesimama.

Dansi zile za vijijini, safu mbili zinazotazamana, wachezaji wakipishana na kubadilishana nafasi kwa mlio wa fidla, zilikaribia kusahaulika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1923 Jean Milligan, mwalimu wa mazoezi ya viungo, na Ysobel Stewart walianzisha mjini Glasgow chama cha kuzikusanya, kuzichapa vitabuni na kuzifundisha. Kwa maoni yangu, bila wanawake hawa wawili karamu ya Burns ingebaki hotuba za wanaume na chupa zao.

Hata hivyo, dansi ninayoiona kubwa kuliko zote haikutoka kijijini. Juni 1940 askari wa Divisheni ya 51 ya Uskoti walizingirwa na Wajerumani huko Saint-Valery-en-Caux, Ufaransa, wakatekwa kwa maelfu. Katika kambi ya mateka ya Laufen, Bavaria, Luteni Jimmy Atkinson alibuni dansi mpya, na maofisa wenzake wakaifanyia mazoezi humo kambini, wote wanaume. Katikati yake wachezaji wanne hushikana mikono kwa mshazari, kisha hupanga mshazari wa pili unaoukata wa kwanza: msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera ya Uskoti, ukachorwa kwa miili mbele ya macho ya walinzi.

Chama cha Glasgow kiliichapisha katika kitabu chake cha 13, mwaka 1945. Siku hizi huchezwa na wanawake kwa wanaume, na katika usiku wa Burns huweza kuitwa mara tu sahani zinapoondolewa. Ni dansi ya kurukaruka, na oti ni nzito. Wazoefu hupakua hagisi kidogo.