Nani Mgunduzi? Historia ya Aina Mpya za Waridi na Sheria ya Kuzimiliki nchini Kenya, 1961–2016

1.0 Utangulizi

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ua limethaminiwa kwa harufu yake kabla ya umbo lake. Asumini hutungwa vikuba, kilua hutiwa nguoni, na maji ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi katika arusi na maulidi. Neno waridi lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, nalo limedumu katika ushairi wetu kama jina la kipenzi. Waridi linalosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Ulaya lina jina hilohilo, lakini historia yake ni nyingine. Aghalabu halina harufu kali. Shina lake ni refu na limenyooka, na mnunuzi hutarajia likae katika chombo cha maji kwa siku nyingi bila kunyauka. Jambo lisiloonekana kwa macho ni kwamba, mara nyingi, aina yake ina mmiliki kisheria, na kila mche uliopandwa shambani umelipiwa mrabaha.

Insha hii inachunguza namna umiliki huo ulivyofika Kenya na jinsi ulivyobadilika kati ya mwaka 1961, ulipoafikiwa Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, na mwaka 2016, Kenya ilipojiunga na toleo la 1991 la mkataba huo. Swali linaloiongoza ni hili: ni nani aliyehesabiwa kuwa mgunduzi wa aina mpya ya waridi? Hoja yake kuu ni kwamba sheria ilimwezesha mkulima wa Kenya kupata aina bora, lakini ilifanya hivyo kwa kumweka katika nafasi ya mpangaji wa ua analolikuza. Aidha, ilimwacha nje ya kumbukumbu yule ambaye jicho lake huliona ua geni kabla ya mwingine yeyote, yaani mfanyakazi wa shambani.

2.0 Waridi Kabla ya Mkataba wa 1961

Waridi la kisasa la biashara ni zao la kukutanishwa kwa mimea ya mabara mawili. Waridi nyingi za Ulaya zilichanua mara moja kwa mwaka. Mwishoni mwa karne ya 18 ziliingizwa huko waridi za Kichina zilizokuwa na sifa ya kuchanua tena na tena. Kutokana na uzao wa makundi hayo, Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa mwaka 1867 waridi aliloliita 'La France', ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa mwanzo wa kundi la waridi chotara ambamo waridi nyingi za kukatwa zimetokana.

Kazi ya kuzalisha aina mpya haijabadilika sana katika misingi yake tangu wakati huo. Mzalishaji huondoa stameni za ua analotaka liwe mama kabla chavua yake haijakomaa, kisha hulipaka chavua ya ua lililoteuliwa kuwa baba. Tunda likiiva, mbegu zake hukaa katika baridi kwa muda, kisha hupandwa. Kila mbegu hutoa mmea usiofanana kabisa na mwingine. Katika maelfu mengi ya miche hiyo, michache sana ndiyo hupita michujo ya miaka saba hadi kumi na kufika sokoni. Ikishateuliwa, huongezwa kwa vipandikizi au kwa kubebeshwa juu ya shina la mmea mwingine, na hapo kila nakala huwa sawa na ya kwanza.

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo la kiuchumi. Aina iliyomgharimu mzalishaji miaka kumi iliweza kunakiliwa na jirani kwa kisu na kijiti. Mzalishaji aliuza mara moja tu. Baada ya hapo, mali yake ilikuwa ya kila mtu. Marekani ilikuwa ya kwanza kulijibu suala hilo kwa sheria ya hataza za mimea ya mwaka 1930, na hataza ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1931, ilikuwa ya waridi lililoitwa 'New Dawn'. Katika Ulaya, Francis Meilland, aliyezalisha waridi maarufu la 'Peace' na baadaye 'Baccara', waridi jekundu lililotawala soko la maua ya kukatwa baada ya mwaka 1954, alikuwa miongoni mwa waliopigania haki ya mzalishaji. Alifariki mwaka 1958. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Desemba 1961, mkataba ulitiwa saini jijini Paris, nao ukaunda muungano unaojulikana kwa ufupisho wa UPOV. Wakati huo Kenya ilikuwa bado koloni, na biashara ya kuuza waridi nje haikuwa imeanza.

3.0 Kutoka Krisanthemumu hadi Waridi

Biashara kubwa ya maua nchini Kenya haikuanza na waridi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya serikali kuunda mamlaka ya kuendeleza kilimo cha bustani mwaka 1967, kampuni ya Kidenishi iliyojulikana kama DCK ilianza kukuza krisanthemumu. Mpango huo ulikumbwa na matatizo katika miaka ya 1970. Shamba la Naivasha lililotokana nao, lililoitwa Sulmac, likawa chini ya Brooke Bond na kujulikana zaidi kwa karnesheni. Waridi lilishika nafasi ya kwanza katika miaka ya 1990, na baadaye Kenya ikawa msambazaji mkuu wa waridi kutoka nje katika soko la Umoja wa Ulaya.

Sababu za kijiografia zinafahamika: Naivasha iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa la maji baridi, na barabara yake huelekea moja kwa moja Nairobi kwenye uwanja wa ndege. Jambo linalotajwa mara chache ni kwamba jiografia hiyo ilibadilisha pia maana ya aina nzuri. Waridi lililozalishwa kwa ajili ya vivungulio vyenye joto na taa vya Uholanzi halikuwa na uhakika wa kufanya vizuri katika mabanda ya plastiki yasiyotiwa joto, yenye jua kali mchana na baridi usiku. Hata ndani ya Kenya, aina moja hutoa ua dogo na mavuno mengi Naivasha, lakini hutoa ua kubwa zaidi, kwa ukuaji wa taratibu, katika nyanda za juu zaidi za Timau. Hivyo, aina haikuweza kuteuliwa Ulaya peke yake. Ilibidi ijaribiwe Kenya, na kampuni za uzalishaji za kigeni zikaweka Naivasha mashamba ya majaribio na ya maonyesho.

4.0 Ua Lililoteuliwa kwa Ajili ya Safari

Vigezo vya uteuzi vinaonyesha soko lilitaka nini. Waridi hukatwa likiwa bado halijafunguka, huingizwa katika chumba cha ubaridi, hupakiwa katika maboksi, husafirishwa kwa gari na ndege, kisha hupita mnadani Uholanzi, ambako bei huanzia juu na kushuka hadi mnunuzi wa kwanza aizuie, au hupelekwa moja kwa moja katika maduka makubwa. Aina inayofaa ni ile ambayo petali zake hazichubuki, inayovumilia ubwiri unga na utitiri, yenye mavuno mengi kwa kila mita ya mraba, na yenye kufunguka vizuri baada ya siku kadhaa za kutopata maji.

Katika orodha hiyo harufu haikupewa uzito. Wazalishaji wengi wameeleza kwamba waridi zenye harufu kali aghalabu hazidumu katika chombo. Kwa msomaji wa Kiswahili, hili si jambo dogo la kiufundi. Sifa iliyolipa ua hili nafasi katika utamaduni wa pwani ndiyo iliyoachwa ili ua liweze kuvuka bahari. Hili linathibitisha kwamba aina mpya si zao la maumbile tu, bali pia ni kumbukumbu ya maamuzi ya watu kuhusu nini kihifadhiwe na nini kipotee.

5.0 Kuingia kwa Sheria ya Umiliki

Kenya ilitunga Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea mwaka 1972, nayo ikaanza kutumika mwaka 1975. Sheria hiyo ilitaja haki za wagunduzi, lakini kanuni za kuzitekeleza zilichapishwa mwaka 1994 tu. Pengo hilo la takribani miongo miwili linaeleweka likitazamwa sambamba na historia ya maua: haki hiyo ilipata msukumo wakati waridi lilipokuwa zao kuu. Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea (KEPHIS) liliundwa mwaka 1996 na baadaye likakabidhiwa usimamizi wa haki hizo. Tarehe 13 Mei 1999 Kenya ilijiunga na UPOV kwa kufuata toleo la 1978. Sehemu kubwa ya maombi yaliyofuata kutoka nje yalihusu mimea ya mapambo, hasa waridi, na waombaji wake walikuwa kampuni za kigeni.

Tofauti kati ya matoleo mawili ya mkataba ni muhimu. Toleo la 1978 lililinda hasa kile kinachotumika kuzalisha mche mpya, kwa muda usiopungua miaka 15 kwa mimea mingi. Toleo la 1991 liliongeza muda huo hadi miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Zaidi ya hayo, lilipanua haki hadi kwenye mavuno: ikiwa ua limetokana na mche uliozalishwa bila idhini, na mmiliki hakupata nafasi ya kudai haki yake katika hatua ya mche, anaweza kuidai juu ya ua lenyewe. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka kanuni ya namna hiyo mwaka 1994. Kwa hiyo, hata kabla Kenya haijalikubali toleo la 1991, mkulima asiye na leseni angeweza kukabiliwa na madai pale ua lake lilipofika sokoni Ulaya.

Haitakuwa haki kuielezea sheria hii kama mzigo mtupu. Kampuni za uzalishaji zilisita kupeleka aina zao mpya mahali ambapo zingenakiliwa bila malipo. Pasipo ulinzi, mkulima wa Kenya angebaki na aina zilizopitwa na wakati, ilhali soko hutaka rangi mpya kila mara. Kwa maana hiyo, mrabaha ulikuwa ada ya kuingilia sokoni. Hata hivyo, ada ya kuingilia haimfanyi anayeilipa kuwa mwenye nyumba.

6.0 Nani Aliyegundua?

Kiswahili rasmi, hasa katika sheria za Tanzania, humwita mwenye haki hii mgunduzi. Neno hilo linatokana na kitenzi gundua, yaani kukiona kilichokuwa kimefichika. Uteuzi wa neno hilo unaibua swali ambalo maandishi ya kibiashara hulipita haraka.

Baadhi ya aina mpya za waridi hazitokani na kupaka chavua. Hutokana na badiliko la ghafla la kijenetiki katika tawi moja: kwenye mstari wa waridi nyekundu, tawi moja hutoa ua la rangi ya chungwa. Badiliko kama hilo halitafutwi ofisini. Linaonekana kwanza na yule anayepita katika mstari huo kila siku kukata maua au kupogoa matawi, na katika mashamba mengi ya Kenya wengi wa watu hao ni wanawake.

Toleo la 1991 linamtambua mgunduzi kuwa mtu aliyezalisha aina, au aliyeigundua na kuiendeleza. Lakini linaongeza kwamba, pale sheria za nchi zinaporuhusu, mgunduzi ni mwajiri wa mtu huyo. Kisha linaweka kizuizi cha pili: aina iliyotokana kwa msingi wake na aina inayolindwa, ikiwemo iliyotokana na badiliko la tawi, haiwezi kuuzwa bila idhini ya mmiliki wa aina ya awali. Mfanyakazi hupotea mara mbili: kwanza nyuma ya jina la mwajiri, kisha mwajiri mwenyewe hulazimika kurudi kwa kampuni iliyomkodisha mche. Jicho lililoona lipo Naivasha. Haki imesajiliwa kwingine.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya aina mpya za waridi nchini Kenya haiwezi kuandikwa kama historia ya teknolojia iliyotoka Ulaya ikapokelewa na Afrika. Hali ya hewa, mwinuko na kazi za mikono ya Wakenya vilishiriki kuamua ni aina gani ingedumu sokoni. Kilichokosekana ni ushiriki huo kuingia katika daftari la haki. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2012 na kujiunga na toleo la 1991 tarehe 11 Mei 2016 vilikamilisha mfumo wa kulinda mtaji, bila kujibu swali la mgunduzi aliye shambani.

Kwa watafiti, hili linadai vyanzo vipya. Daftari la usajili linatueleza jina la aina na jina la mmiliki. Ili kumpata aliyeliona ua kwanza, tutalazimika kwenda kwenye kumbukumbu za mashamba na masimulizi ya wafanyakazi wa miaka ya 1990, ambao sasa wanastaafu. Kwa watunga sera, hatua ya kwanza si kubwa: fomu ya maombi inaweza kuwa na nafasi ya kumtaja mtu aliyegundua, hata pale haki inapobaki kwa mwajiri. Jina hilo halitabadilisha mgawanyo wa mrabaha, lakini litalirudishia neno mgunduzi maana yake.